Gemu nzuri ni ile inayokuacha uende

Wanafunzi wangu wa cherehani wakiniuliza wapakue gemu ipi kwenye simu, nami huwauliza swali moja: ukiitwa katikati ya mchezo, unaweza kuiweka chini papo hapo? Swali hili hawalipendi. Wao wanaangalia picha, sauti, magari yanayong'aa na wachezaji wa mpira wanaofanana kabisa na wale wa kwenye runinga. Mimi nimecheza gemu tangu enzi za vitochi hadi leo nina simu janja, na naamini kwamba gemu nyingi za siku hizi zinatengenezwa makusudi ili zisikuachie. Hilo linaniudhi sana, maana gemu nazipenda.

Nashona nguo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kazi ya fundi ina mapengo mengi kuliko watu wanavyodhani. Umeme unakatika mashine ya ovaloki ikiwa katikati ya pindo. Mteja anatoka Uyole, anapiga simu, "Dada fundi, niko kwenye daladala, nafika sasa hivi," na hiyo sasa hivi inakuwa nusu saa. Pasi ya mkaa inasubiri moto ushike. Mwezi wa saba baridi ya huku ikichachamaa, vidole vinakufa ganzi mpaka uvipashe jikoni kwanza ndipo vishike sindano. Katika mapengo kama hayo huwezi kuanza kukata kitambaa kipya, kwa sababu ukikatizwa unaharibu mali ya mtu. Huwezi kulala. Gemu ya dakika tano inakaa hapo vizuri: kichwa kinapumzika, macho yanatoka kwenye uzi, na mteja akiingia unamkaribisha ukiwa mchangamfu.

Wapo wanaoona mtu mzima kushika simu na kucheza ni uvivu, na akiwa mwanamke ndiyo kabisa. Ng'ambo ya duka langu wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda tangu saa nne asubuhi, na kila anayepita anasema wale wanachangamsha bongo. Mimi nikipanga matofali kwenye simu kwa dakika chache naulizwa kama leo sina kazi. Sikubali. Mchezo ni mchezo, na bongo ni bongo.

Hao wazee wa drafti wana kitu kimoja ambacho watengenezaji wa gemu za simu wamekitupa. Drafti ina mwisho. Mmoja akiishiwa kete au akikosa pa kwenda, ameshindwa, anainuka, na aliyekuwa anasubiri anakaa. Kwa sababu mchezo unaisha, wote wanapata zamu. Aliyeitwa nyumbani anaondoka bila kumkosea mtu.

Gemu ya nyoka nayo ilikuwa hivyo. Nokia waliiweka kwenye simu yao ya 6110 mwaka 1997, kazi ya mhandisi wa Ufini aitwaye Taneli Armanto, kisha ikaendelea kutoka kwenye simu zao zilizofuata hadi ikafika kwenye vitochi vya bei ya chini vilivyoenea nchi nzima. Nyoka anakula kitone, anarefuka, anajigonga mwenyewe, basi. Unaona pointi zako, unafunga simu, unarudi kazini. Haikuhitaji bando. Haikukuonyesha tangazo. Haikukupigia kelele usiku kwamba nyoka wako amekukumbuka. Na hakuna aliyeweza kukuuzia mkia mfupi ili uendelee, kwa hiyo ukishinda ulijua umeshinda kwa vidole vyako.

Sasa tazama mtindo uliokuja kushika soko. Candy Crush Saga ya kampuni ya King, iliyotoka mwaka 2012, inakupa maisha matano. Ukishindwa hatua moja, maisha moja yanaondoka, na hurudi baada ya dakika 30. Yakiisha yote matano, mpaka yajae tena ni saa mbili na nusu. Katikati hapo una njia tatu: usubiri, uombe kwa marafiki, au ulipe. Kupakua ni bure kabisa. Na bado mwaka 2016 kampuni ya Activision Blizzard ya Marekani iliinunua King kwa dola bilioni 5.9. Fedha ya namna hiyo haitoki hewani. Wachezaji wengi hawatoi hata senti; wanaolipa ni wachache, ila wanalipa mara kwa mara, na kinachouzwa hasa ni ile hali ya kutotaka kusubiri.

Mtu anaweza kuniambia: si hapo ndipo gemu inapokulazimisha upumzike, jambo unalolitaka wewe mwenyewe? Nimelifikiria hilo sana. Tofauti ni nani anayechagua saa. Gemu za mtindo huo hukusimamisha umebakiza hatua kidogo ushinde, roho ikiwa juu, na zikakurudisha kwa ujumbe wa "maisha yako yamejaa" saa ambayo umeinamia suti ya bwana harusi. Pumziko la kweli ningelichagua mimi. Pale, anayepanga siku yangu ni mtu aliye mbali ambaye hajui hata kama nimekula.

Aliyenifungulia macho kabisa ni mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita. Alikuwa likizo kwangu, anacheza kwenye simu yangu gemu moja yenye maisha ya kuhesabiwa. Mchana mteja ananitumia picha ya mshono anaoutaka, na programu ya ujumbe inagoma kufunguka, inasema tarehe ya simu si sahihi. Naangalia tarehe: simu iko wiki nzima mbele yetu. Nikamwita. "Mama mdogo, nimeisogeza tu, nitairudisha," akasema, akanionyesha anavyofanya. Maisha yakiisha, anatoka, anaingia kwenye mipangilio, anasukuma tarehe siku moja mbele, anarudi, maisha yamejaa. Yakiisha tena, siku nyingine mbele. Alikuwa ameishi wiki nzima kati ya chai na chakula cha mchana. Nilipomwambia arudishe tarehe ya leo, gemu ikampa hesabu ya kusubiri ndefu ajabu, kwa kuwa kwa akili yake ilikuwa bado inangoja wiki ijayo ifike.

Nilimwelekeza asiguse tarehe ya simu ya kazi, akaelewa. Lakini alikuwa ameliona jambo ambalo watu wazima wanalilipia: ndani ya ile gemu hakuna kitu chochote kilichopungua. Maisha hayalimwi, hayasafirishwi kwa lori kutoka Tunduma, hayana gharama kwa mwenye gemu. Kilichopo ni saa, na kufuli iliyofungwa kwenye hiyo saa. Mtoto aliifungua kwa kidole. Dada wa duka la pili alikuwa analipa ifunguliwe kila mwisho wa wiki kwa fedha ya mboga.

Gemu za mpira za kucheza mtandaoni nazo zina tatizo lake. Vijana wa bajaji wa hapa Kabwe wanazipenda kupita kiasi, na kwa kweli ukiwatazama wanavyocheza unafurahi, wanashangiliana kama wako Sokoine siku ya Mbeya City. Lakini mechi ya mtandaoni haisimami. Ukitoka, umefungwa. Nimeshuhudia bibi mmoja na debe lake la viazi amesimama kando ya bajaji, na kijana anamwambia, "Shikamoo bibi, samahani, dakika ya themanini na tano hii, naimaliza sasa hivi." Bibi akajibu marahaba, akapanda bajaji ya nyuma. Yule kijana si mvivu, namfahamu, anaamka alfajiri kuliko mimi. Gemu ilimweka kwenye kona: apoteze abiria au apoteze mechi aliyoihangaikia. Wangeweza kucheza na mashine bila mtandao, hapo mechi unaisimamisha, unampeleka bibi na viazi vyake, unarudi unakuta matokeo yako palepale. Wanasema haina ladha. Sawa, ladha naielewa. Ila jioni baada ya hesabu ya tajiri mechi za mtandaoni zitakuwepo tu.

Kwa upande wangu gemu karibu zote nilizonazo zinacheza bila data. Sababu ya kwanza ni bando, kila mtu anajua. Sababu ya pili ni matangazo: ukizima data kabla ya kufungua gemu, mengi yanakosa pa kuingilia. Subway Surfers, ile ya Wadenmark ya mtoto anayekimbia juu ya reli, pia ya 2012, inacheza bila data bila shida. Mbio zake hazina mwisho, lakini kila mbio ni fupi, ukikamatwa umekamatwa. Tetris, ambayo Mrusi Alexey Pajitnov aliianzisha Moscow mwaka 1984, bado kwangu haina mpinzani. Matofali yanashuka, unapanga, yakifika juu umekwisha, na mteja akiingia unasimamisha kwa kugusa mara moja. Zipo nyingine unacheza peke yako kabisa, na bado zinakataa kufunguka bila mtandao. Hizo nazifuta, pia kwa sababu zinakua kila zikisasishwa mpaka simu inaanza kukosa nafasi ya picha za mishono.

Kabla ya kupakua, pale kwenye Google Play chini ya jina la gemu kuna maandishi madogo yanayosema kama ndani kuna matangazo na kama kuna vitu vya kununua. Wengi wanayapita. Yasome. Ukiyaona yote mawili kwenye gemu ya mtoto, mimi nakushauri utafute nyingine.

Na hapa kwenye watoto ndipo ninapokuwa mkali. Nimekaa na mtoto anayepaka rangi vipepeo kwenye simu, gemu ya watoto kabisa, na katikati ya kipepeo likaingia tangazo la kubeti: mpira, sarafu zinamwagika, kijana anacheka na mkeka wake. Alama ya kufunga ilikuwa kona ya juu, ndogo kuliko kichwa cha pini, na kila kidole kilipoikosa tangazo lilifungua ukurasa wa kujisajili. Nchi yetu ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Kibanda cha kubeti pale mtaani kinaandika hivyo mlangoni. Sasa mtoto wa miaka sita anapelekewa kibanda hicho kitandani kwake. Ubelgiji mwaka 2018 waliamua kwamba yale maboksi ya bahati yanayouzwa kwa fedha ndani ya gemu, unalipa bila kujua utapata nini, yanahesabika kama kamari, na kampuni kadhaa zikayaondoa kwa wachezaji wa kule. Kumbe inawezekana. Na sisi tuanze na hayo matangazo kwenye gemu za watoto, hakuna ugumu wa kueleza kwa nini.

Sisemi haya ili watu wanyang'anye watoto simu. Pale dukani jioni, kazi ikipungua, wanafunzi wangu wanapokezana simu moja kwenye ludo, kila mmoja na rangi yake, na kicheko kinafika hadi kwa wauza mchele. Ambaye mikono yake imejaa pini anarushiwa dadu yake na mwenzake. Mchezo unaisha, aliyeshindwa anafagia vitambaa. Hapo gemu imefanya kazi yake yote.

Ninachokitaka ni rahisi kukieleza. Nataka kuuziwa gemu mara moja, kama ninavyonunua mkasi, halafu iwe yangu. Hapa Mbeya tuna chuo cha sayansi na teknolojia, tuna vijana wanaoandika programu usiku na mchana. Watutengenezee drafti ya vizibo kwa kanuni za vijiweni, au bao lenye kete zake 64, icheze kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, bila data, watu wawili kwenye simu moja, na kitufe kikubwa cha kusimamisha ambacho hata kidole chenye mafuta ya cherehani kinakipata. Waweke bei ya shilingi elfu tano. Nitailipia siku hiyohiyo, na nitawanunulia wanafunzi wangu wote.