Bamburi na Portland: mwanahisa mmoja, viwanda viwili vinavyoshindana

Anayejenga nyumba Kenya huingia duka la vifaa vya ujenzi akakuta saruji ya Nguvu ya Bamburi imepangwa karibu na Blue Triangle ya East African Portland Cement (Portland). Anaona kampuni mbili zinazomgombania. Kila moja ina bodi yake, malori yake na vitabu vyake vya hesabu. Lakini kwa miaka mingi, ukifuata umiliki wa kampuni hizo hadi juu, ulikuwa unafika mlango uleule: Lafarge ya Ufaransa, iliyoungana na Holcim ya Uswisi mwaka 2015.

Lafarge ilishika asilimia 58.6 ya Bamburi. Katika Portland ilishika asilimia 29.2 moja kwa moja, na Bamburi yenyewe ilikuwa na asilimia nyingine 12.5 za Portland. Jumla ni 41.7, fungu kubwa kuliko la Hazina ya Taifa (25.3) na kuliko la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii (27), ingawa Hazina na NSSF wakiungana walikuwa na wingi.

Hesabu ya jambo hili inafaa kufanywa polepole. Tuseme Bamburi imeshusha bei, ikawavuta wateja wa Portland, na faida ya shilingi 100 ikahama kutoka Portland kwenda Bamburi. Kama Lafarge ingekuwa na Bamburi peke yake, fungu lake lingekuwa shilingi 58.60. Sasa weka hisa za Portland mezani. Bamburi inapata 100 lakini inapoteza 12.50 kupitia hisa zake za Portland, zinabaki 87.50, na fungu la Lafarge hapo ni kama shilingi 51.30. Toa 29.20 ambazo Lafarge inapoteza moja kwa moja huko Portland. Inabaki na takriban shilingi 22. Na kushusha bei si bure, maana hata mteja wa zamani, ambaye angenunua kwa bei ya jana, naye anapunguziwa. Ushindani uliokuwa na thamani ya karibu 59 kwa mwanahisa mkubwa umebaki na thamani ya 22.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanatafuta ushahidi wa njama, barua au kikao cha siri, na wakikosa wanasema hakuna tatizo. Hesabu hii haihitaji kikao. Meneja anayejua bwana wake ni nani hahitaji kuambiwa asimbane sana mshindani fulani.

Upande wa pili una hoja nzito. Kwanza, Portland haikuwa mali ya Lafarge. Serikali na Lafarge walivutana juu ya bodi ya kampuni hiyo hadi mahakamani, kwa hiyo picha ya bwana mmoja anayeendesha viwanda viwili kwa rimoti si sahihi. Pili, Portland ilizama katika hasara na madeni, na mwenye kutaka kuutwika mzigo huo wote mwanahisa wa kigeni atakuwa anausamehe usimamizi mbovu wa shirika lenye mkono wa serikali. Tatu, na kwangu hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi, milango ya soko haikufungwa. Mombasa Cement, National Cement, na kuanzia 2012 Savannah, waliingia wakauza, na hakuna mwanahisa wa Bamburi aliyeweza kuwazuia. Palipo na wauzaji wengi, kumiliki wawili kati yao hakumpi mtu bei anayoitaka.

Ila saruji si nyanya. Ni nzito, haisafirishwi mbali bila gharama kupanda, na moyo wake ni klinka, yale madonge yanayochomwa tanuruni kisha kusagwa kuwa saruji, ambayo wenye tanuru za kuitengeneza ni wachache. Mwaka 2023 Kenya iliweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje. Anayesaga tu, bila tanuru yake, akajikuta anawategemea washindani wake au analipa tozo. Katika soko la namna hiyo, nani anamiliki nani kati ya wenye tanuru ni jambo linalomfikia fundi na mwenye nyumba.

Wasomi nao hawajakubaliana. Utafiti wa Azar, Schmalz na Tecu uliochapishwa 2018 ulikadiria kuwa mashirika ya ndege ya Marekani kumilikiwa na wawekezaji walewale kulipandisha nauli kwa asilimia 3 hadi 7. Mwaka 2022, katika jarida lilelile la fedha, watafiti wengine walipitia takwimu hizo upya wakasema athari hiyo haipo. Nayachukua mabishano hayo kwa uzito, lakini wawekezaji wale wana vipande vidogo katika mamia ya kampuni. Asilimia 41.7 ya mshindani wako wa karibu ni habari nyingine. Nchini Afrika Kusini, Natal Portland Cement ilimilikiwa kwa pamoja na wapinzani watatu wakubwa wa saruji hadi 2002. Hao watatu pamoja na kampuni hiyo ndio waliokuja kuchunguzwa kwa kupanga bei, na PPC, mmoja wa hao watatu, ikakiri mwaka 2009.

Desemba 2024 Amsons ya Tanzania ilikamilisha kuinunua Bamburi, na zile asilimia 12.5 za Portland zikaja pamoja nayo. Mwaka 2025 Holcim, iliyorithi hisa za Lafarge baada ya muungano, ikakubali kuuza na fungu lake la asilimia 29.2 za Portland. Mjadala mwingi ulikuwa juu ya bei ya hisa. Ni haki kuuliza hilo, lakini mnunuzi wa saruji hakuwa na wa kumsemea.

Sheria ya ushindani ya Kenya huangalia zaidi kama mnunuzi amepata udhibiti, ingawa inatambua pia uwezo wa kushawishi sera za kampuni kwa kiasi kikubwa. Nafasi hiyo itumike. Mwenye kiwanda anayetaka gawio la mshindani wake alipate, lakini asipeleke mkurugenzi katika bodi wala asione mipango ya bei, ya klinka au ya upanuzi. Na kila fungu kubwa la hisa za Portland linapotaka kuuzwa, Mamlaka ya Ushindani ipewe majina ya wamiliki wa mwisho wa mnunuzi, pamoja na kila kiwanda kingine cha saruji walichonacho Kenya na Tanzania, kabla bei haijajadiliwa.