Dhumna chini, vitanda juu: je, wazee wa Karibi na vijana wasio na makazi wakae chini ya paa moja?

Mtanzania akisikia neno "ujima" hukumbuka darasa la historia: ule mfumo wa kwanza kabisa, kabla ya utumwa na ukabaila, watu wakichimba mizizi na kugawana nyama ya swala. Mwambie mtu anaishi kijima, umemtukana. Lakini mwaka 1977 jijini London kuna watu walilichukua neno hilohilo wakalifanya jina la shirika lao la nyumba. Walikuwa wanaharakati waliotokana na Black Liberation Front, kundi la kupigania haki za weusi, na kazi waliyojipa ilikuwa kuwatafutia pa kulala vijana weusi waliofukuzwa nyumbani au waliotoka katika malezi ya serikali. Neno lilikuwa limepitia Marekani, katika Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ambako ujima ni nguzo mojawapo kati ya saba. Huko Handsworth, Birmingham, wenzao walikuwa na hosteli ya vijana wa aina hiyohiyo, wakaiita Harambee. Sijui Mswahili gani aliyeombwa ruhusa, na sidhani kama kuna aliyelalamika.

Nimeanza na majina hayo kwa sababu wajukuu wa kazi ile bado wapo. Katika miji kadhaa ya Uingereza utakuta taasisi ndogo za hisani za mtaani zenye shughuli mbili: kuwahudumia wazee wenye asili ya visiwa vya Karibi, na kuwahifadhi vijana wasio na makazi. Zinapoomba fedha huulizwa swali lilelile: kwa nini mbili? Mzee wa miaka 80 mwenye kisukari na kijana wa miaka 17 aliyelala kituo cha basi wana uhusiano gani? Chagueni mmoja, mwingine mwachieni anayejua kazi hiyo. Na swali la pili hufuata taratibu zaidi, watu wakikohoa kwanza: hilo neno "Karibi" mlangoni bado lina kazi gani?

Si maswali ya kijinga. Ila wanaoyauliza mara nyingi hawajawahi kukaa kwenye ukumbi wa taasisi kama hizo wakaona kinachofanyika.

Siku ya klabu ya chakula cha mchana, basi dogo huwashusha wazee mlangoni mmojammoja, wanaume na kofia zao, wanawake na makoti yaliyopigwa pasi kama ya kwenda kanisani. Jikoni kuna wali uliopikwa kwa tui la nazi na maharage mekundu, na juu ya sufuria pilipili nzima imewekwa itoe harufu bila kupasuka, vilevile anavyofanya mama wa Tanga na pilipili mbuzi yake. Kwenye kona kuna meza ya dhumna. Kete hapo hazitandazwi kwa upole. Hupigwa mezani kwa kishindo, na anayefunga mchezo husimama kwanza ndipo apige. Mtu wa Mji Mkongwe angevuta kiti bila kuuliza kanuni. Mgeni huona burudani. Lakini aliyeshika daftari pale mlangoni anaangalia jambo jingine: nani hakuja leo, nani amepungua mwili, nani ameuliza swali moja mara tatu. Barua ya serikali iliyokaa wiki mbili kwenye mkoba bila kufunguliwa hutolewa hapo, baada ya wali, si ofisini kwa mtu.

Na barua za serikali zina historia katika ukumbi huo. Wazee hawa walikuja kama raia. Sheria ya Uraia ya 1948 iliwathibitishia haki ya kuingia na kukaa, na meli ya Empire Windrush ilipofika bandari ya Tilbury mwezi Juni mwaka huohuo, baadhi ya abiria wake walilazwa katika handaki la wakati wa vita pale Clapham South, London. Ofisi ya kazi iliyokuwa karibu ilikuwa Brixton, ndiyo maana Brixton ikawa Brixton, mtaa wa Wakaribi. Wengine walifuata: Shirika la usafiri la London lilianza kuajiri moja kwa moja kutoka Barbados mwaka 1956, na hospitali za umma ziliwachukua wauguzi. Miaka 60 baadaye, baadhi yao na watoto waliokuja kwa pasi za wazazi wakaambiwa wathibitishe kuwa wana haki ya kuwapo. Kadi za kuwasili ambazo zingewasaidia zilikuwa zimeharibiwa na wizara ya mambo ya ndani yenyewe mwaka 2010. Watu walipoteza kazi, matibabu na nyumba, wengine wakarudishwa visiwani. Kashfa hiyo ilimng'oa waziri wa mambo ya ndani, Amber Rudd, Aprili 2018. Mzee aliyeyaona hayo hawezi kuambiwa tu "nenda halmashauri, watakusaidia".

Hoja ya kwanza ya wanaotaka kazi mbili zibaki pamoja ni hiyo ya uaminifu, na ni nzito. Hoja ya pili huwa haisemwi vizuri, nami naona ndiyo yenye nguvu zaidi. Ni hesabu ya umri.

Kijana aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1977 leo ana miaka 65 hivi. Yaani kijana aliyelala Harambee ndiye mzee anayepiga dhumna. Tena chanzo cha kukosa makazi wakati ule kilikuwa ndani ya familia hizihizi. Baba na mama walitangulia Uingereza wakiwa na mpango wa miaka mitano, kisha warudi. Watoto wakabaki na bibi. Miaka mitano ikawa 10, mtoto akaitwa akiwa kijana, akashuka uwanja wa ndege kukutana na mama asiyemkumbuka, baba wa kambo asiyemjua, na wadogo wanaoongea lafudhi nyingine. Shuleni alionekana mzito, mtaani polisi walimsimamisha. Ugomvi mmoja wa usiku, begi likawekwa nje. Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizo ughaibuni zitaitambua hadithi hiyo bila kutajiwa Jamaika.

Kwa hiyo ukimtenganisha mzee na kijana kwenye karatasi za wafadhili, unatenganisha sura mbili za kitabu kimoja. Wazee waliowahi kufukuzwa vyumbani wanajua jambo ambalo halimo kwenye mafunzo ya siku mbili. Walipofika, vyumba vya kupanga vilikuwa na matangazo ya kuwakataa waziwazi. Waliponunua nyumba, wengi walinunua kwa upatu: Wajamaika huuita pardner, Watrinidad huuita sou-sou, na kijumbe wao huheshimiwa kama kijumbe yeyote wa Temeke. Nyumba zile zilizonunuliwa kwa mchezo zilikuwa makazi ya dharura ya watu wengi kabla halmashauri haijafikiria neno hosteli.

Sasa tuhamie upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watetezi wa taasisi hizi hupenda kuupita mbio.

Kazi ya kijana asiye na makazi ni kazi ya usiku. Klabu ya wazee hufungwa saa tisa alasiri, vyombo vikaoshwa. Hosteli inahitaji mtu macho saa nane ya usiku, anayejua kumzuia mgeni asiyeruhusiwa, kutambua aliyezidisha dawa za kulevya, na kujua lini aite polisi na lini asiite. Inahitaji pia mtu anayeijua sheria. Mwaka 2009 majaji wa juu kabisa, katika kesi dhidi ya halmashauri ya Southwark, London, waliamua kuwa mtoto wa miaka 16 au 17 asiye na makazi anapaswa kushughulikiwa kama mtoto aliye chini ya malezi ya halmashauri, si kupewa kitanda tu. Asiyeijua hukumu hiyo ataridhika kijana anapoambiwa dirishani, "rudi kwa mama yako." Akishavuka 18 mambo hubadilika: tangu Januari 2012 mpangaji wa nyumba binafsi asiye na familia na aliye chini ya miaka 35, kwa kawaida, hupewa ruzuku ya chumba kimoja tu katika nyumba ya kushirikiana. Mama mwenye moyo mzuri na sufuria kubwa haitoshi. Anaweza hata kuleta madhara.

Halafu fedha. Huduma za wazee hulipwa kwa shida: halmashauri zilizokatwa bajeti tangu 2010, michango ya waumini, na ruzuku ndogo za Siku ya Windrush kila tarehe 22 Juni, ambapo kila mtu hukumbuka kupiga picha na mzee mwenye kofia. Kitanda cha kijana, kwa upande mwingine, huingiza hela kila wiki. Nyumba inayosemekana kutoa "usaidizi" inaweza kupokea ruzuku ya kodi ya pango inayozidi viwango vya kawaida. Birmingham ikawa makao makuu ya biashara hiyo, wenye nyumba wakajaza vyumba na usaidizi ukawa simu moja kwa wiki, hadi Bunge likapitisha sheria ya kusimamia makazi ya aina hiyo mwaka 2023. Sisemi taasisi za jamii zilikuwa wezi. Nasema kishawishi ni kilekile: vitanda vya juu vigharamie wali wa chini. Nia safi kabisa, na kijana amegeuzwa pochi ya wazee bila kuulizwa.

Na Ujima yenyewe? Ilikua hadi kumiliki maelfu ya nyumba, fahari ya mashirika ya nyumba yaliyoongozwa na weusi. Kisha bodi ikalegea, ikaingia katika ununuzi wa viwanja usio na hesabu ya kutosha, na mwishoni mwa 2007 ikafilisika. Mwanzoni mwa 2008 nyumba zake zilichukuliwa na shirika kubwa la London & Quadrant. Wapangaji hawakutupwa nje, hilo ni la kushukuru. Lakini jina likafutika, na pamoja nalo ile hoja ya mwaka 1977. Wapo wanaosema Ujima iliuawa na wakubwa wasiopenda kuona weusi wakimiliki. Naelewa hasira hiyo, ila hesabu za viwanja hazikuandikwa na wakubwa.

Kuhusu neno "Karibi", takwimu hazibembelezi. Sensa ya 1991 ilihesabu watu wapatao 500,000 waliojiandikisha kuwa weusi wa Karibi, na weusi wa Afrika 212,000 hivi. Sensa ya 2021, kwa England na Wales pekee, ilikuta Wakaribi 623,000 hivi na Waafrika karibu milioni 1.5. Vijana wanaobisha hodi usiku ni Waeritrea, Wasomali, Wakongo, na Waingereza weupe waliokulia mtaa huohuo. Mwaka 2007 tume ya serikali ilipendekeza fedha za umma zisielekezwe kwa kikundi cha asili moja, kwa hofu kwamba zinajenga kuta. Mwaka uliofuata halmashauri ya Ealing, London, ikajaribu kutumia hoja ya aina hiyo dhidi ya Southall Black Sisters, wanaowasaidia wanawake weusi na wa Asia wanaopigwa majumbani. Ikashindwa mahakamani. Sheria ya Usawa ya 2010 nayo ina tofauti ambayo watu wengi hawaijui: taasisi ya hisani inaweza, kwa masharti, kuhudumia watu wa asili fulani, lakini si kwa kigezo cha rangi ya ngozi. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliruhusu shirika la Wayahudi wa Hackney kugawa nyumba kwa Wayahudi washika dini peke yao. Kwa hiyo kisheria jina linaweza kubaki.

Lakini kuruhusiwa si sawa na kufaa. Kwa wazee, naona jina libaki bila aibu. Mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu hurudi kwenye lugha na chakula cha utotoni, na mhudumu asiyejua patwa, lugha ya mazungumzo ya Jamaika, anaweza kuandika "amechanganyikiwa" pale ambapo mzee ameomba uji tu. Kwa vijana, jina likiwa kigezo cha kuingia ni kosa. Harambee na Ujima hazikufunguliwa kwa sababu vijana walikuwa na asili fulani. Zilifunguliwa kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine uliowafungukia. Leo asiyefunguliwa anaweza kuwa na jina la Kitigrinya.

Wanaotaka kuwatenganisha husema mtaalamu wa vijana afanye kazi yake na mtaalamu wa wazee afanye yake. Shirika la Centrepoint, kwa mfano, limefanya kazi ya vijana wasio na makazi tangu 1969 na linaijua. Sawa. Ila mtaalamu mkubwa huja na mkataba wa miaka mitatu, na mkataba ukiisha huondoka na simu zake. Ukumbi wenye dhumna hauendi popote, isipokuwa halmashauri ikiuza jengo, jambo ambalo siku hizi si la kufikirika tu.

Mimi naegemea paa moja, milango miwili na vitabu viwili vya hesabu. Hosteli ya ghorofani isimamiwe na watu waliosomea kazi hiyo, ikibidi kwa ubia na shirika kubwa, na kwenye bodi akae angalau mtu mmoja aliyewahi kulala humo. Chini wazee waendelee na mambo yao. Kijana asilazimishwe kushuka "kujifunza kwa wazee". Akishuka mwenyewe kwa harufu ya wali, hapo ni sawa. Na kama ningealikwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ningeacha hotuba na picha za meli zipite, kisha niombe ukurasa mmoja tu: kodi ya vitanda iliingia kiasi gani, na kati ya hiyo kiasi gani kilibaki ghorofani.