Kabla ya kisu, kinyama kisomwe mara ya pili

Mzee akipima PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikawa juu, nyumbani watu wanaanza kuchangishana pesa za upasuaji. Nawaelewa. Lakini PSA hutengenezwa na tezi dume yoyote, nzima au gonjwa, na hupanda pia tezi ikitanuka kwa umri au ikipata maambukizi. Saratani ya tezi dume huthibitishwa kwa kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kilichochukuliwa kwa sindano, kikitazamwa chini ya hadubini. Na hata hapo, kama majibu yanampeleka mtu kwenye kisu au mionzi, mimi nasema kisomwe na daktari wa pili.

Sababu iko kwenye kioo chenyewe, kile kinachobandikwa kipande cha kinyama ili kitazamwe. Tezi dume nzima ina vijitezi vyenye mikunjo, vimetawanyika kati ya nyuzi na misuli. Kila kijitezi kina safu mbili za seli: za ndani, ndefu, zinazotoa majimaji, na za nje, fupi, zilizolala ukingoni. Tezi iliyotanuka kwa umri hujaa vinundu na vijitezi tele, mpaka mgeni wa hadubini anaweza kushtuka, ila safu zote mbili zipo. Utanukaji huo haugeuki saratani.

Kwenye saratani, safu ya nje imetoweka. Vijitezi ni vidogo, vimebanana, vimejipenyeza katikati ya vile vizima, na viini vya seli vimekuwa vikubwa.

Kwa hiyo daktari anatafuta kitu kisichokuwepo, na hiyo si kazi rahisi. Seli za ukingoni hata zikiwepo huweza kufanana na nyuzi za jirani, na vijitezi vilivyosinyaa huiga saratani vizuri mno. Pengine vyenye shaka ni viwili vitatu tu katika kinyama chembamba cha sindano. Maabara yenye uwezo hutumia kingamwili ya p63, yaani kitu kinachonasa protini iitwayo p63 na kutia rangi viini vya safu ya nje. Isiyo nayo hubaki na jicho la daktari.

Halafu kuna alama za ukali wa saratani za Gleason, daktari Mmarekani aliyezitoa mwaka 1966 kwa kutazama mpangilio wa vijitezi. Namba ya kwanza ni ya mpangilio ulioenea zaidi, ya pili ni ya unaofuata, na namba kubwa ndiyo mbaya zaidi. Mwenye 3+3 mara nyingi anaweza kufuatiliwa tu bila kutibiwa. Aliyepewa 4+3 hali yake ni nzito kuliko wa 3+4, ingawa wote wana 7. Na madaktari wazuri kabisa hubishana kama kijitezi fulani ni 3 au 4!

Mgonjwa hahitaji kutobolewa tena. Vinyama hubaki maabara vimegandishwa kwenye nta. Ombeni vinyama hivyo pamoja na vioo, msichukue karatasi ya majibu peke yake.