Chupa ya glukosi ya maveterani

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wetu wa mchanga Mwananyamala, mechi ya maveterani haianzi kabla pakiti ya glukosi haijafunguliwa. Mmoja anaimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, anatikisa, chupa inazunguka. Wenye haraka wanalamba unga kwenye kiganja. "Damu ichangamke miguuni, kaka," wanasema.

Nami nilikuwa nasema hivyohivyo, mpaka nilipokwenda kupimwa sukari. Nikapewa glukosi gramu 75 ndani ya glasi, tamu mpaka meno yanauma, kisha nesi akanionyesha benchi: "Baba, kaa hapo saa mbili, usizungukezunguke." Nikamuuliza kwa nini. Akasema nikitembea misuli itaila ile sukari na kipimo kitadanganya.

Jibu lile sijalisahau, maana sisi uwanjani tumeigeuza hadithi juu chini.

Ukinywa glukosi, kongosho hutoa insulini. Insulini huufungulia msuli mlango wa sukari, lakini pia huiambia mishipa ya damu itoe nitriki oksidi, hewa inayoilegeza na kuitanua. (Waliogundua kazi ya hewa hiyo mwilini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.) Kwa hesabu hiyo, chupa yetu ilipaswa kujaza damu miguuni. Tatizo ni kwamba sukari yenyewe ikipanda ghafla huenda inaizuia mishipa hiyohiyo kutanuka. Watafiti wa Australia walichapisha vipimo vyao mwaka 2018: kwa watu wazima kabisa wa afya, glukosi tupu ilipunguza damu kwenye vimishipa vidogo vya misuli ya mkono. Mlo wenye protini na mafuta pamoja na wanga uliiongeza. Yaani sahani ya wali maharage huenda inaifaa misuli yako kuliko lile povu tamu. Na mwenye kisukari cha ukubwani ana shida zaidi, kwani mishipa yake haiisikii insulini sawasawa.

Msuli unaofanya kazi hauhangaiki na hayo yote. Ukikimbia, damu inayoingia pajani huongezeka mara nyingi, na sukari inapita hata insulini ikiwa chini. Ndiyo maana naona bora tuzunguke uwanja mara tatu kwanza, chupa isubiri mapumziko. Sisemi glukosi ni mbaya. Aliyekimbia muda mrefu anaihitaji kweli. Ninayemlalamikia ni yule anayekunywa nusu chupa halafu anakaa kwenye tairi kusimulia Simba na Yanga mpaka filimbi ilie.

Jumamosi iliyopita chupa iliponifikia nikaipitisha. Wakanicheka, eti nimekuwa daktari. Kipindi cha pili, tumeshafungwa matatu, nimeshika magoti natweta, nikainua mkono kuiomba. Ilikuwa imeisha.