Bata yule yule, nyota tano na nyota moja

Kinachonikera ni wastani. Mgahawa wa Kifaransa wa hadhi unapewa nyota tano na huyu, nyota moja na yule, kisha mtandao unajumlisha, unagawanya, na kututangazia kwamba pale ni pa nyota tatu. Nani alikula chakula cha nyota tatu? Hayupo! Mmoja alipata kifua cha bata chenye ngozi kavu inayovunjika chini ya kisu. Wa meza ya jirani akaletewa bata yule yule, ngozi inavutika kama mpira na sosi imeachana. Wote wawili wanasema kweli.

Wapenzi wa mgahawa hukimbilia kusema huyo wa nyota moja ni mshamba aliyezoea sahani iliyojaa. Wapo wa hivyo, sawa. Lakini soma malalamiko kwa makini uone ni mangapi yanayohusu jiko lililozidiwa.

Mchukue huyo bata. Kifua chake huanza kwenye kikaango baridi, ngozi ikiwa chini, imekatwa chale za mshazari zisizofika kwenye nyama. Moto mdogo, dakika 10 hadi 15, mafuta yatoke taratibu na kumwagwa kila yanapojaa, mpaka ngozi ibaki nyembamba na ya kahawia. Ndipo kigeuzwe kwa dakika chache, katikati pafike nyuzi 54 hadi 57 za Selsiasi, kisha kipumzike si chini ya dakika 5 kabla ya kisu. Hakuna hatua hapo inayokubali kuharakishwa.

Sasa ni saa 2:30 usiku, meza sita zimeagiza kwa mkupuo. Mpishi wa nyama anabana vifua vinane kwenye kikaango cha vinne, tena kikaango kilichokwisha kushika moto. Ngozi inabadilika rangi upesi, machoni iko tayari, kumbe chini yake mafuta meupe yamebaki vilevile. Vilivyobanana vinatoa mvuke, kwa hiyo hata hiyo ngozi ya juu hailiki vizuri. Akikata bila kupumzisha, maji mekundu yanatapakaa sahanini na sosi imekwisha kazi.

Na sosi nayo ina mambo yake. Beurre blanc ni divai nyeupe, siki na vitunguu vidogo vilivyochemshwa hadi karibu kukauka, halafu siagi baridi inaingizwa kipande kwa kipande huku ukipiga kwa mchapo. Haina kiini cha yai cha kuishikilia. Ikikaribia nyuzi 60 siagi inajitenga na kuelea. Ikipoa sana inaganda. Anayekula saa 1:30 anaipata laini, anayekula saa 4 anapata dimbwi la mafuta kutoka sufuria ileile. Mpishi makini huanza upya. Aliyezidiwa hutupia majani ya kijani juu na kuiita pambo.

Wateja nao wasijitoe. Katika migahawa hii sahani za meza moja hutoka pamoja. Mmoja wenu akienda nje kuvuta sigara wakati chakula kinapangwa, sahani zote nne zinamsubiri chini ya taa ya joto, na samaki anaendelea kuiva bila idhini ya mtu. Halafu mnaandika "samaki mkavu". Sufle, kile chakula chepesi cha mayai kinachoumuka, ni hivyohivyo: ndogo huchukua kama dakika 12 hadi 15 ovenini na hunywea dakika chache baada ya kutoka, kwa hiyo iagizwe mapema na mtu awepo kuipokea.

Bili kuchelewa? Kwa desturi ya Kifaransa mhudumu husubiri uiombe, maana kuletewa bila kuomba ni kama kufukuzwa. Mhudumu mwenye dharau, basi, huyo sina utetezi wake.

Na msinitajie nyota za Michelin, ule mwongozo wa Kifaransa unaotunuku migahawa bora, kana kwamba ni bima. Wakaguzi wake huja bila kujitambulisha na hulipa bili yao. Nyota inapimwa kwa kilichomo sahanini, na kigezo kimojawapo ni ubora usiobadilika kutoka ziara moja hadi nyingine. Yaani wenye kazi yao wanajua kwamba kupika vizuri mara moja si shida. Shida ni bata wa meza ya mwisho.

Kwa hiyo mkiandika maoni, wekeni saa mliyoketi, mlikuwa wangapi na mliagiza nini. "Chakula cha kawaida tu" hakimsaidii yeyote. Andika "bata, saa 3:15, mezani tuko sita, mafuta bado meupe chini ya ngozi", na mpishi mkuu atajua papo hapo ni kikaango cha nani.