Mkwe wa Pidie, acheni kuniambia niko peponi

Jamani leo naomba niseme maana nimejaa mpaka kooni. Kila nikiposti picha ya majaruba ya mpunga, kijani kitupu, nyuma mlima, mbele kibanda kimejificha kwenye minazi, basi jamaa zangu wa Tanga wanaanza, "kaka umeukata", "kaka uko peponi", "kaka nifanyie mpango na mimi nioe huko". Nyie acheni. Picha haina sauti, picha haina mama mkwe, na wala haioneshi kwamba mpiga picha kasimama kwenye tope mpaka magotini na ruba kang'ang'ania shavu la mguu anajinywea zake damu bila hata bismillahi.

Nilipo mimi ni kijijini, wenyewe wanaita gampong, wilaya ya Pidie, mkoa wa Aceh, ile ncha ya Sumatra inakoanzia Indonesia. Mke wangu tulikutana Kuala Lumpur, mimi mwanafunzi, yeye anamsaidia kaka yake dukani, maana hawa watu wa Pidie kwa biashara Malaysia wamejaa tele. Nikapenda, nikaposa, na hakuna hata mtu mmoja aliyenivuta pembeni akaniambia kwamba huku ukioa anayehama ni wewe. Kwetu bi harusi ndo analia anapoondoka kwao, huku mwanaume unaletwa na msafara, watu wanakukabidhi, wanakula pilau lao, wanageuza magari wanaondoka, wewe umebaki umekaa kwenye zulia na kofia yako unatazamana na ukoo mzima. Nyumba wazazi wanampa binti. Kwa hiyo mkigombana na mkeo hakuna ile ya "rudi kwenu", anayebeba begi ni wewe.

Na hapo umeshalipa. Mahari ya huku ni dhahabu, inapimwa kwa mayam, mayam moja ni kama gramu 3.3. Ukitajiwa mayam 15 unaona ah, 15 tu, si kitu, ndo unapiga hesabu unakuta ni karibu gramu 50 na bei ya dhahabu kila ukiangalia simu imepanda. Huku dhahabu sio habari ya kwenye TV. Hata shamba mtu akibanwa haliuzi, analiweka rehani kwa mayam, wanaita gala, jirani anatoa dhahabu analima yeye mpaka siku dhahabu irudi, sasa yule aliyechukua mayam zake enzi dhahabu iko chini leo anatakiwa arudishe mayam zile zile kwa bei ya leo, ndo maana ukipita barazani ukamkuta mzee kashika tama usimuulize kafiwa na nani.

Haya, usingizi. Wanaosema kijijini kuna utulivu waje walale huku siku moja tu. Alfajiri bado giza spika ya meunasah inaanza, meunasah ni kama msikiti mdogo wa kijiji lakini pia ndo ukumbi, ndo ofisi ya maneno, ndo kila kitu, na sina neno na dini mimi, Mungu shahidi, neno langu ni na fundi aliyeifunga ile spika ikatazama dirisha langu. Ikinyamaza wanaingia majogoo. Jua lenyewe linachelewa kuchomoza maana Aceh iko magharibi kabisa lakini saa zao ni za Jakarta. Halafu kukishapambazuka zinaanza nyundo. Pidie ndo wenyewe kwa kerepu za melinjo, yaani krispi za mbegu za mti, ile mbegu inakaangwa kwenye mchanga wa moto, inamenywa, inagongwa mpaka inakuwa bapa, inaanikwa. Nani anagonga? Mama mkwe anagonga, shangazi anagonga, jirani wa kulia anagonga, wa kushoto anagonga, tok tok tok tok mpaka adhuhuri, na wanapiga umbea juu ya hizo nyundo wala sauti hawapandishi, wamezoea, mimi nikisema kitu naambiwa nirudie.

Shambani nako unadhani unaingia tu na jembe lako? Kuna mzee anaitwa keujruen blang, kazi yake ni maji ya mfereji na ratiba ya mashamba yote, yeye ndo anasema leo maji yanaenda kwa nani, lini mnasia, lini mnapandikiza, wote kwa pamoja, maana ukipanda peke yako panya na ndege wote wa tarafa wanakuja kwako kama mgahawa uliofunguliwa peke yake stendi. Kabla ya kushuka shambani kuna khanduri blang, watu wanachanga, anachinjwa mnyama, wanaume ndo wanapika kwenye masufuria makubwa, inasomwa dua, mnakula. Safi sana, sina tatizo hapo. Halafu Ijumaa ni mwiko kufanya kazi shambani. Siku naambiwa nilikaribia kusujudu. Kumbe siku ambayo hakuna shamba ndo siku ya kuzibua mtaro wa kijiji na kufyeka makaburini, na anayetajwa wa kwanza kwenye spika, ile ile spika, ni mkwe, maana mkwe kukosekana ni habari, mtoto wa nyumbani kukosekana ni kawaida.

Mpunga ukianza kubeba ndo vita yenyewe. Mchana kuamia ndege, unavuta kamba zenye makopo kutoka huku mpaka kule. Usiku nguruwe pori. Na nguruwe wa Aceh wana kiburi cha peke yake, wanajua kabisa kijiji kizima hakuna hata mmoja mwenye nia nao, hawakimbii, ukimmulika tochi anainua kichwa anakutazama anaendelea, yaani wewe ndo unajiona umeingilia faragha yake. Mimi na shemeji yangu tunalala kwenye dungu zamu kwa zamu, shemeji anakoroma, kwa hiyo zamu zote ni zangu. Nikilalamika ananiambia eti nimshukuru Mungu ni nguruwe, kuna wilaya zingine huko milimani wanaingiliwa na tembo. Sawa shemeji. Asante kwa faraja.

Pikipiki je. Nimenunua mtumba, mama mkwe kasema isitoke mpaka ifanyiwe peusijuek, baraka hiyo, wanafanya kwa maharusi, kwa mahujaji, kwa nyumba mpya na kwa pikipiki, unanyunyiziwa maji kwa kifurushi cha majani, unarushiwa mchele, kuna wali wa kunata wa njano. Pikipiki ikapata dua zake, ikalishwa na wali pale kwenye usukani, nikapiga kiki, haikuwaka. Nikapiga tena. Shangazi mmoja akasema labda niya yangu. Niya yangu! Plagi imelowa maji yenu!

Ikawaka jioni. Nikaingia barabarani nikakutana na ng'ombe. Huku ng'ombe wanazurura wenyewe, usiku wanalala katikati ya lami maana lami ina joto la mchana, weusi wale, taa ya barabarani hakuna, unakuja zako unaona macho mawili chini chini. Huyo ng'ombe ukipiga honi anacheua. Na ukimgusa tu, ukimgusa hata kwa kioo, mwenyewe anatokea hapo hapo, kumbe siku zote alikuwa na mwenyewe!

Basi nakimbilia kwenye kahawa. Hapo nitasema kweli, kahawa ya Aceh ni kahawa. Jamaa anaichuja kwa mfuko wa kitambaa, anainyanyua juu mkono mmoja, kikombe chini mkono mwingine, haimwagiki tone, ukitaka na maziwa ya kopo kidogo unaagiza sanger. Ubaya ni wanywaji. Kikombe kimoja mtu anakaa nacho kuanzia asubuhi mpaka adhana, na wote ni wakaguzi wa mahesabu. Tangu 2015 serikali kuu inaleta pesa za maendeleo moja kwa moja vijijini, basi keuchik wetu, yaani mwenyekiti wa kijiji, akijenga kalvati moja hapo barazani wameshahesabu kokoto, wamejua mifuko ya saruji, wamejua na nani kala. Akitokea mwenyewe wote wanasimama, "karibu Pak Keuchik, kaa hapa", na kahawa wanamlipia. Meza ya nyuma vijana wameinamia simu, wanacheza PUBG kwa waifai ya bure, game ambalo baraza la maulamaa wa Aceh lililitolea fatwa ya haramu 2019, na hapo hapo mezani kuna mzee anawaambia ni haramu huku kanyoosha shingo aone nani kapigwa risasi.

Chakula siwezi kulalamika ila acha nilalamike kidogo. Mbirimbi hizi hizi za kwetu, wao wanazitia chumvi wanazianika juani mpaka zinajikunja kahawia, zinaingia kwenye kila mchuzi, tamu, nakubali. Ila kuna mchuzi wa pliek, hiyo ni chicha ya nazi, ile ambayo bibi yangu Tanga anawarushia kuku, huku nazi inavundikwa kwanza, inakamuliwa mafuta, chicha inaanikwa, halafu inapikwa na mboga za kila aina. Siku ya kwanza nilidhani kuna kitu kimefia chini ya nyumba. Sasa hivi naomba niongezewe. Na hicho ndo kinaniudhi, kwamba wamenishinda.

Maulidi nayo usiniulize. Sisi tunajua Mfungo Sita basi imeisha, huku ni Mfungo Sita, Saba na Nane, miezi mitatu, kijiji hiki leo, kile kesho, wanaalikana, kila nyumba inapeleka sinia meunasah, na ukialikwa usipoenda wanakuuliza tumekukosea nini. Nimenenepa kwa kuogopa lawama.

Lakini yote hayo tisa. Kumi ni meugang.

Meugang ni siku ya nyama. Siku moja kabla ya Ramadhani, tena kabla ya Idi ndogo, tena kabla ya Idi kubwa, kila nyumba Aceh lazima inukie nyama, tajiri, maskini, mjane, wote. Pembeni ya barabara wanasimika miti, mapaja yananing'inia, mapanga yanalia, watu wamejaa mpaka gari hazipiti, na bei siku hiyo haina adabu, kilo inapanda mpaka rupia 180,000 na kuna miaka imegusa 200,000. Wazee wanasema mila hii ni ya tangu Sultani Iskandar Muda, aliyetawala 1607 mpaka 1636, alikuwa anachinjisha anawagawia wananchi bure. Narudia hapo, bure. Sultani ndo alikuwa anatoa. Sasa katikati ya hizi karne nne sijui nani kachezea karatasi, jukumu la sultani limemwangukia mkwe!

Maana nyama ya meugang anayepeleka ukweni ni mkwe. Hilo halina mjadala, mkwe asiyeleta nyama bora asionekane kabisa, na mkwe mpya ndo kabisa anatazamiwa, zamani ukioa unapeleka na kichwa cha nyati. Unapita na mfuko wako wa plastiki, mashangazi wako barazani, hawakuulizi kitu, wanaangalia tu mfuko umevuta chini kiasi gani. Wana mizani machoni wale, anajua kilo moja na nusu kwa kutazama ulivyopinda bega. Nilijaribu kupinda bega zaidi. Hawadanganyiki.

Jirani sasa, mkwe wake ana duka Malaysia. Kaja na mguu mzima. Hakuuweka kwenye mfuko, kauweka mbele kwenye pikipiki wazi wazi, gia ya kwanza, anasalimia kila mlango, alipofika kwa wakwe zake hakusimama, akazunguka akapita tena. Mama mkwe wangu alikuwa ameshika nyundo ya melinjo. Siku hiyo kerepu zilitoka nyembamba mno.

Mwaka huu nikasema hapana, hii ya Idi kubwa lazima niongee, tena kwa hoja. Nikamfuata baba mkwe kakaa na kahawa yake, mtu wa maneno machache yule, nikakaa chini kwa adabu zote nikamwambia Ayah, yaani baba, kesho ni Idi ya kuchinja. Ng'ombe watachinjwa pale meunasah. Nyama itagawiwa nyumba kwa nyumba, na sisi tuko kwenye orodha, jina nimeliona. Sasa kwa nini leo tukanunue kwa 180,000 kitu ambacho kesho asubuhi kinaletwa mlangoni bure?

Akaweka kikombe chini. Akanitazama kwa muda. Halafu akamgeukia mama mkwe akamuuliza kwa Kiaceh, akidhani sisikii, "Hivi huyu kwao Ramadhani wanafunga kweli?"

Nikaenda kununua. Kilo mbili, nikapita kwa mashangazi bega limepinda, nikafika nikamkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili. Akafungua mfuko akachungulia, akafunga, akatabasamu vizuri kabisa, akaniambia, "Mwanangu, weka tu hapo, usivue kofia ya pikipiki, soko bado halijafungwa."