Svetozar Botorić hakuwa mwenye hela tu

Ikitajwa filamu ya kwanza ya hadithi ya Serbia, ile ya 1911 inayomhusu Karađorđe, kiongozi wa uasi wa Waserbia dhidi ya Waturuki, wapo wanaosema Svetozar Botorić asiitwe mtengeneza filamu, maana aliyeongoza ni Ilija Stanojević, mtu wa jukwaani, kamera kashika Louis de Beéry wa Pathé, kampuni ya filamu ya Ufaransa, na Botorić mwenyewe alikuwa mwenye Hotel Paris pale Terazije, Belgrade, kazi yake kutoa hela na kuuza tiketi. Wanaongeza kwamba mfalme wa wakati ule, Petar I, alikuwa mjukuu wa huyo huyo Karađorđe, kwa hiyo kumtukuza babu yake ni kujipendekeza. Hili la mfalme lina uzito, silipingi.

Ila hilo la kwanza nalikataa. Ndugu Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, walishaonyesha picha zao Belgrade tangu 1896, yaani miaka 15 watu wanaangalia vitu vya wageni tu, na Botorić mwenye ukumbi wa sinema hotelini kwake angeweza kuendelea kuonyesha filamu za Pathé na kula faida taratibu, nani angemlaumu? Yeye akamleta mpiga picha, akawakusanya waigizaji wa teatro, akamkabidhi Stanojević ambaye hajawahi kuongoza filamu, na mwaka huohuo wakatoa nyingine ya Ulrih Celjski, mtawala wa zama za kati. Kuamua kitu kiwepo mahali ambapo hakijawahi kuwepo, hiyo kwangu ni kazi ya utengenezaji kabisa, tena ndiyo ngumu kuliko zote.

Nadhani kilichomponza ni filamu zenyewe kutoonekana. Ya Ulrih imepotea mpaka leo, ya Karađorđe ilipotea miongo na miongo hadi 2003 ikapatikana Vienna, na miaka yote hiyo ungemtetea kwa ushahidi gani? Mwenyewe hakuwepo kujisemea, Austria-Hungaria walipoikalia Serbia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia walimpeleka kambi yao ya wafungwa ya Nežider, akafia huko 1916. Kazi yake ikaja kukutwa kwenye mji mkuu wa dola ileile iliyomfunga, na hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Na hakuwa peke yake, Đoka Bogdanović wa hoteli ya Kasina naye alikuwa na sinema yake na akapeleka kamera kwenye vita vya Balkan 1913, kwa hiyo ukiwafuta wenye hoteli kwenye historia ya filamu ya Serbia, hiyo miaka ya mwanzo inabaki na nani?